Zamu ya Fundi

Fundi alizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni, na hakuwahi kujisumbua kuuficha. Utotoni alimwonea wivu dada yake kwa kuugua surua kabla yake na kulishwa uji kitandani. Alipoolewa akaionea wivu redio ya mumewe. Mume alikuwa mlinzi wa usiku, na mchana alilala kaikumbatia redio hiyo, mpaka siku moja ikadondoka kutoka dirishani. Ilidondoka yenyewe, Fundi alisema, na mume, mtu wa amani, akakubali kwamba redio za siku hizi zina tabia hiyo.

Kazi yake ilikuwa cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka: cherehani karibu na dirisha ili apate mwanga, kioo kirefu chenye ufa kwa chini, benchi la wateja, na vipande vya vitambaa kila mahali, hata ndani ya sufuria. Uvimbe aliugundua mwenyewe akijipima blauzi mbele ya kioo kile. Alipokatwa titi la kushoto alirudi nyumbani akajishonea jingine la kitambaa, akalijaza pamba na punje za mtama ili liwe na uzito, maana bega likikosa mzigo hupanda juu na nguo haikai. "Nimepungua upande mmoja," aliwaambia wateja, "lakini bei ya kushona ni ileile."

Mdomo huo ulikuwa wa dukani tu. Kwenye chumba cha dripu hospitalini, siku ya kwanza, alisimama mlangoni asiweze kuingia. Viti vya kuegemea vilipangwa ukutani, kila kiti na mwanamke wake na mpira wake wa dawa mkononi, na televisheni isiyo na sauti ilikuwa inapika mapishi ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Ndipo sauti ikapasuka kutoka pembeni: "Songa ndani, mama, songa! Nafasi ipo, usizibe mlango!"

Alikuwa Konda. Kwa miaka mingi mwanamke huyo alikuwa kondakta wa basi la masafa marefu, na ingawa basi aliliacha, sauti hakuiacha. Yeye alikuwa amemaliza dripu zake zote na nywele zilishaanza kurudi, fupi na ngumu, lakini kila Alhamisi alikuja vilevile kukaa na wenzake.

Wanawake wa chumba kile walikuwa na utaratibu wao. Sista wa zamu alikuwa amewakataza wembe, kwa sababu mtu aliye kwenye dawa akikatwa hata kidogo kidonda kinaweza kumlaza, na akawakataza mashine ya kinyozi inayopita kila kichwa. Kwa hiyo walinunua mashine yao ya kunyolea. Waliipa jina la Bwana Harusi, kwa vile haikulala kwa mwanamke mmoja siku zote. Ukinyolewa, Bwana Harusi anabaki kwako, na mgeni anayefuata unamnyoa wewe. Na anayekunyoa ndiye mama yako, hata kama umemzidi umri: anakusindikiza kwenye dripu, anakuletea uji, anasikiliza malalamiko yako ambayo nyumbani wameshayachoka.

Fundi alinyolewa na Konda. Kila mashine ilipohama, Konda alitangaza vituo: "Sikio la kushoto! Kuna wa kushuka sikioni? Haya, tunaelekea kisogoni, shikeni mizigo yenu!" Fundi alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Konda akamlaza kichwa tumboni kwake na kumwambia, "Lia, mwanangu, lia, basi halina haraka."

Fundi alikuwa binti wa nne katika watoto saba. Nguo zake zote za utotoni zilikuwa zimevaliwa na wengine watatu, na huenda ndiyo maana akajifunza kushona. Hakuwahi kuwa wa kwanza kwa mtu yeyote. Basi kuanzia siku ile akajihesabia kuwa ana mama, na mama huyo ni wake peke yake.

Kisha akaja Keshia.

Alikuwa msichana mrefu, keshia wa duka kubwa la chakula, nywele zake mwenyewe zimemfika mabegani, sauti laini, adabu tele. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kumbe huyu kidonda alikuja nacho. Kila mtu akampenda. Walimwachia kiti cha dirishani. Walimpa mto. Konda ndiye aliyezidi: mara kumfunika miguu, mara kumsimulia visa vya barabarani ambavyo Fundi alivijua vyote na alidhani amesimuliwa yeye tu. Kicheko cha wale wawili kilimchoma Fundi kuliko sindano. Keshia akimsalimu, yeye hugeukia televisheni.

Lakini hata hivyo alijipa moyo. Mgeni ni huyo, na aliyenyolewa mwisho ni yeye. Zamu ni yake. Atake asitake, msichana huyu atakuwa binti wa Fundi, na Konda atabaki bibi tu.

Baada ya dripu ya pili Keshia alianza kukuta nywele kwenye mto. Alhamisi iliyofuata, mbele ya wote, akamwambia Konda, "Mama, ninyoe wewe. Nikicheka sitasikia uchungu."

"Kwa nini nisikunyoe, mwanangu?" Konda akasema. "Jumapili nakuja kwako."

Mwanangu! Fundi alikuwa kiti cha pili, mpira mkononi, hawezi hata kuinuka akatoka. Konda alikuwa ameisahau zamu, au ameikumbuka akairuka. Kwa Fundi yote mawili yalikuwa sawa. Kama utotoni, nguo mpya ilikuwa inapita juu ya kichwa chake kwenda kwa mwingine.

Jumamosi Konda alipiga simu. "Fundi, Bwana Harusi yuko kwako, si ndiyo? Kesho asubuhi nampitia."

"Amekufa," Fundi akajibu.

"Amekufaje?"

"Nilimchomeka kwenye umeme akatoa moshi."

"Basi nimpeleke kwa mtu wa kutengeneza redio."

"Nimeshampeleka. Anasubiri spea."

Uongo una uzazi. Alipokata simu alikuwa na watatu tayari, na Bwana Harusi alikuwa mzima wa afya ndani ya droo ya cherehani, chini ya zipu na vifungo. Siku hiyo Fundi alishona akiimba. Mumewe aliamka akauliza kuna nini. "Kwani mtu hawezi kufurahi kwake?" akamjibu, na yule bwana akarudi kulala.

Jumatatu akaenda kununua sabuni kwenye duka kubwa la chakula, ambako hakuwa na kawaida ya kwenda. Tuseme ukweli: hakwenda kwa ajili ya sabuni. Alitaka kumwona Keshia akiwa hana mtu wa kumfunika miguu. Akapanga foleni yake, nyuma ya mwanaume mwenye mikate miwili.

Keshia alikuwa amefunga kitambaa kichwani, lakini nywele zilitoka chini ya kitambaa zenyewe. Aliposogeza mkate wa pili unywele mrefu ukabaki juu ya karatasi. Yule mwanaume akauinua kwa vidole viwili, akaushika juu watu wauone. "Dada, hii nayo nailipia?" Foleni ikacheka. Msimamizi akaja, akanong'ona jambo, na Keshia akainuka kwenye kiti chake akikusanya nywele nyingine kutoka kwenye mzani kwa kiganja, akizitia mfukoni mojamoja, kana kwamba ameiba.

Jambo la kwanza Fundi alilolisikia moyoni lilikuwa furaha. Lazima lisemwe, kwa sababu lilikuwepo. Kisha Keshia akainua macho akamwona, na uso wake ukafunguka. "Mama Fundi!" akaita, kama mtu aliyepotea sokoni akamwona wa kwao.

Fundi aliiacha sabuni pale pale akatoka.

Alasiri hiyohiyo, kabla hajapiga hata mshono mmoja, Keshia akaingia dukani kwake. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya kioo akafungua kitambaa, na nywele zikaanguka nacho, yakabaki mabaka mabaka.

"Bosi kaniambia nirudi nitakapokuwa nimejipanga," akasema. "Konda anasema nisubiri spea ya mashine, nisiende kwa kinyozi. Siwezi kusubiri, mama. Wewe una mkasi. Nikate."

"Mbona hukwenda kwa mpenzi wako Konda?"

Keshia akamtazama kupitia kioo. "Waliniambia tangu mwanzo kwamba zamu ni yako. Nilikuogopa. Nakusalimu unaangalia watu wanaopika. Nikasema huyu akinishika kichwa atanishika kwa hasira."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Fundi akachukua mkasi wa vitambaa, mkasi mzito wa kazi, akaushusha karibu na sikio la msichana. Ngozi ya kichwa ilikuwa laini, nyeupe kidogo pale nywele zilipokwisha. Ncha ikiteleza tu, ni damu. Na damu ya mtu wa dripu si ya mchezo.

Akaweka mkasi chini. Akavuta droo, akachimbua chini ya zipu, akachomeka waya ukutani. Mashine ikanguruma vizuri, haina hata mafua.

Macho ya Keshia yalipanuka kwenye kioo. "Amepona?"

"Kaa. Usitikise kichwa."

Keshia akakaa, asiulize tena. Fundi hakujua kuchekesha. Hakujua vituo wala visa vya barabarani. Alijua kitambaa tu, basi akamweleza kitambaa: kwamba atamshonea kilemba cha pamba nyembamba, kisichowasha, chenye mkunjo mbele ili uso usionekane mtupu, na titi la kulia, lile alilokatwa, atamtengenezea mwenyewe, lenye mtama, na bega litakaa. Keshia alilia bila sauti. Katikati ya maneno akashika pindo la gauni la Fundi akaling'ang'ania, na Fundi akaendelea kunyoa kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye bega la mtoto. Nyuma ya sikio akakuta doa dogo jeusi. Akafikiri labda hata mama mzazi alishalisahau, ila yeye sasa analijua.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Fundi iliishia mlangoni pake, aliposimama Konda na mashine ya kuazima chini ya kwapa; Keshia alikuwa amempigia simu akitoka kazini, akamsimulia ya mikate.

"Hodi! Nimezunguka kwa mafundi wa redio wote nikiulizia..." Mashine ikanguruma. Akaitazama, akamtazama Fundi. "Huyo si marehemu?"

Fundi hakuzima. "Nilikudanganya."

"Mtoto wa watu anadondosha nywele kwenye mikate, watu wanamcheka, na wewe umeifungia mashine kwenye droo?" Sauti ya basi ilirudi yote. Mume akakohoa chumba cha pili. "Una moyo wa aina gani, wewe?"

"Wa wivu," Fundi akasema. "Zamu ilikuwa yangu ukaichukua. Na ulimwita mwanangu."

"Wote nawaita mwanangu! Hata dereva nilikuwa namwita mwanangu, na alikuwa na wajukuu!"

Fundi alilipokea hilo akiwa amesimama. Lilimwingia mpaka chini. Kumbe muda wote huo alikuwa analinda kitu ambacho Konda alikigawa bure kama salamu. Alitaka kulia, lakini alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, na nusu yake bado haijanyolewa.

Hasira za Konda hazikai. Akaweka chini mashine ya kuazima, akakunja mikono ya blauzi. "Haya, lete hapa nimalizie. Huko nyuma unaacha visiki."

Akanyoosha mkono kwenye kisogo cha Keshia. Fundi akaupiga, pa!

"Usimguse. Huyu ni wangu."

Hata yeye alishtuka. Keshia, kichwa nusu, akatabasamu kwenye kioo na hakuliachia gauni.

"Sawa," Konda akasema. "Sawa kabisa. Basi Alhamisi mimi nitampeleka dripu, nilishamwahidi."

"Alhamisi ana mama yake."

"Na uji nimeshanunua unga."

"Kunywa mwenyewe."

Konda akaenda kukaa kwenye benchi la wateja. Akaokota kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua, akajifanya kutazama dirishani huku jicho moja likirudi kwenye ule mkono uliokuwa begani mwa Keshia. Mdomo wake ulikuwa umevutika mbele. Fundi aliutambua uso ule mara moja, maana kwa wiki kadhaa alikuwa akiuona kwenye kioo chake mwenyewe.

Akanyoa mistari miwili zaidi. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Njoo umshikie sikio basi. Peke yangu nitamkwaruza."

Konda aliinuka haraka kuliko alivyokusudia, akagonga kopo la vifungo, na vifungo vikatawanyika sakafuni.