Ukoo Usiokimbia

Nilipokuwa mtoto mjini Tanga, niliamini kwamba kila ukoo una jambo moja usilolifanya. Majirani zetu wa mkono wa kulia walikuwa hawali samaki aitwaye taa. Wa nyuma yetu hawakufuga njiwa. Sisi tulikuwa hatukimbii. Mvua ikiwakuta njiani, baba yangu na ndugu zake walirudi kutoka msikitini kwa mwendo uleule waliokwenda nao, wakilowa hadi kofia, na watu wa mtaani walipenda kusema kwamba mwizi akiingia kwa hao hana haja ya kuharakisha.

Sababu yake nilielezwa na Bibi Mwanaidi, mama yake baba, ambaye ndiye aliyenilea. Zamani, ndui ilipoingia katika kijiji cha wazee wetu, mkubwa mmoja wa ukoo alikimbia, akawaacha wagonjwa wa nyumbani mwake bila mtu wa kuwapa maji. Mmoja wa wagonjwa hao, kabla ya kukata roho, alimwapiza: yeye na kizazi chake chote, siku watakapokimbia, ngozi zao na ziwakumbushe.

“Kimbia uone,” Bibi alikuwa akiniambia.

Nami niliona. Nikikimbia hata jasho likaanza kunitoka, vipele vidogo vilinichipuka shingoni na kifuani, vikavimba, vikaungana kuwa mabaka, nami nikawashwa kama mtu aliyerushiwa upupu. Nikikaa kivulini vilitoweka upesi, mara nyingi kabla sijampata mtu mzima wa kumwonyesha. Hilo ndilo lililoniudhi kupita yote. Mwenye jipu huonewa huruma kwa sababu jipu linaonekana. Mimi niliitwa mvivu.

Nayaandika haya Johannesburg, nilikohamia tarehe 14 Machi 2015 baada ya mke wangu kufariki dunia. Nakaa na mwanangu Rashidi, muuza mablanketi ya jumla katikati ya jiji, pamoja na mkewe Zainabu na binti yao Sharifa. Sharifa alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika hujibu kwa Kizulu. Mimi nilikuwa karani wa ghala la mkonge tangu ujana wangu hadi kustaafu, na sikuzoea kujibiwa kwa lugha nisiyoulizia. Lakini hayo ni mambo mengine.

Mwezi Februari 2017, Sharifa akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, aliingizwa katika kundi la watoto waliofanya mazoezi ya mbio shuleni kwao. Baada ya wiki moja alianza kurudi nyumbani akijikuna. Mwalimu alimwambia mama yake kwamba mtoto anatafuta kisingizio cha kukaa chini. Niliposikia hayo, miaka yote iliyopita haikunisaidia kitu. Nilikasirika kana kwamba niliyeambiwa ni mimi.

Ikaanza taabu. Zainabu alibadilisha sabuni ya kuogea, kisha ya kufulia, kisha akarudia ile ya kwanza. Mayai yalipigwa marufuku, yakafuatwa na pilipili, kisha nyanya, hata nikawa nakula wali mkavu kwa kosa la ngozi isiyo yangu. Mama Furaha, msusi kutoka Lubumbashi anayekaa ghorofa moja nasi, alikuja na mkebe wa mafuta ya mawese, akampaka mtoto shingo nzima, halafu akaniita pembeni.

“Papa,” alisema, “huyu mutoto banamutupia kitu. Mumulete ku kanisa, tutamuombea.”

Nilimshukuru kwa adabu. Lakini jioni ile, tulipokuwa mezani, niliona nimekwisha kunyamaza vya kutosha. Nikaeleza habari za ndui na yule mzee wetu aliyekimbia. Sikusema kwamba nasadiki. Nilisema kwamba ndivyo tulivyofundishwa, na kwamba mimi mwenyewe niliwashwa vivyo hivyo.

Rashidi aliweka kijiko chini. “Baba, tafadhali. Usimtie mtoto mambo ya mizimu kichwani.”

“Basi wewe wasemaje?”

“Nasema aache mbio. Kuna mtu aliyekufa kwa kutokimbia?”

Sharifa aliondoka mezani, akajifungia bafuni, nasi tukamsikia akilia huku bomba la maji likiwa wazi. Nilimtazama mwanangu kwa uchungu. Alikuwa ameitupa hadithi ya Bibi kama takataka, kisha akatoa hukumu ileile ya Bibi, tena bila hata hadithi ya kumliwaza mtoto. Kama hakuna ambaye angemtetea, binti yule angekuwa mtu wa nne au wa tano katika ukoo wetu kufundishwa kutembea polepole maisha yake yote, na asijue kwa nini.

Ndipo nilipoikumbuka sawasawa siku ambayo kwa muda mrefu nilijizuia kuikumbuka.

Ilikuwa Agosti 1959, nami nilikuwa mwanafunzi wa darasa la nne. Shule yetu ilifanya mashindano ya mbio, nami nilijiandikisha bila kumwambia mtu wa nyumbani. Lazima niseme, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema, kwamba nilikuwa na mbio nzuri. Nilikuwa wa pili, namfukuzia wa kwanza, vipele viliponishika. Vilianza shingoni, vikashuka mgongoni, midomo ikawa mizito, na pumzi ikawa haiingii. Nilianguka karibu na mstari wa mwisho nikijikunja na kujikuna, na wenzangu, wakidhani nacheza ngoma, walinipigia makofi.

Sijui ni nani aliyepeleka habari nyumbani. Ninalolikumbuka ni kwamba nilipofumbua macho nilimwona Bibi Mwanaidi akivuka uwanja, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, viatu hana, naye anakimbia. Watu waligeuka kumtazama yeye badala yangu. Mwanamke wa ukoo ule, tena mtu mzima, anakimbia mchana kweupe.

Aliniinua kichwa, akaomba maji, akaniloweshea kanga yake kifuani na kunishika mikono yote miwili.

“Usijikune, mwanangu. Ukikuna unaviita vingine. Pumua.”

Nilipumua. Pumzi zilipoanza kurudi, niliitazama mikono iliyonishika. Kuanzia viganjani hadi juu ya viwiko ilikuwa imejaa mabaka kama yangu, lakini hakuniachia ili ajikune.

“Bibi, na wewe?” nikamwuliza.

Alishusha kanga iliyobaki mabegani, akaifunika mikono. “Nyamaza,” alisema. “Usimwambie mtu.”

Sikumwambia mtu. Wala sikukimbia tena. Nilichagua kazi ya kukaa kitini, nikaifanya vizuri, na watu waliusifu mwendo wangu kuwa ni mwendo wa mtu mwenye heshima zake.

Asubuhi iliyofuata ugomvi wetu wa mezani, nilimwambia Rashidi kwamba kabla ya kumkataza mtoto jambo lolote atampeleka zahanati, nami nitakwenda nao. Alinung'unika juu ya duka, lakini alitupeleka. Muuguzi, mama wa makamo, hakutuuliza sabuni wala mayai. Alimtuma Sharifa kupanda na kushuka ngazi za jengo mpaka atoke jasho, huku yeye mwenyewe akisimama pale akimwangalia. Vipele vikatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mwenye mamlaka kuvikuta mahali pake.

Alituambia kwamba hali hiyo inajulikana: wapo watu ambao mwili ukipata joto na jasho, ngozi yao huvimba na kuwasha. Alimwandikia dawa ya kutuliza mwasho, akamfundisha kuanza polepole na kuepuka jua kali. Akaonya kwamba siku midomo ikivimba au pumzi ikibana, asimame papo hapo na akimbizwe hospitali. Na kwa sababu hiyo asikimbie kamwe peke yake. Kisha akauliza kama yupo mwingine katika familia.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikamtaja na Bibi yangu.

Rashidi alikuwa akitazama bango la chanjo ukutani. “Na mimi,” alisema kwa Kiswahili, bila kugeuka.

Miaka yote alituambia kwamba hachezi mpira kwa sababu ya goti.

“Tangu lini?” nilimwuliza.

“Tangu shuleni, Baba. Nilidhani ni mimi tu.”

Njiani kurudi tulisimamishwa na kila roboti, kama wanavyoziita huku taa za barabarani. Swali lilikuwa moja, nasi sote tulilijua: nani atakimbia na mtoto? Mwalimu ana watoto wengi, mimi nina magoti ya kizee, na Jumamosi ndiyo siku ya biashara.

Jumamosi hiyo Rashidi alimwachia duka msaidizi wake. Alitoka chumbani amevaa kaptura, miguu imempauka, Zainabu akacheka mpaka akakaa chini. Nilikwenda nao uwanjani na chupa za maji baridi. Walikimbia polepole, baba nyuma ya binti, wakarudi wote wawili wakiwa na mabaka shingoni. Sharifa aliulinganisha mkono wake na wa baba yake.

“Eish, Papa,” alisema kwa Kiswahili cha kubahatisha, “yako ni mibaya kuliko yangu.”

Mwaka ule hakuchaguliwa kuiwakilisha shule katika mbio. Alivipiga viatu vyake teke, akasema yake kwa Kizulu, na wiki iliyofuata akavivaa tena.

Sijui kama mzee wetu aliikimbia ndui kweli. Pengine watu waliona ngozi zao zinawasha wakikimbia, wakalitafutia jambo hilo sababu iliyowatosha. Kwa hilo siwalaumu. Kinachonikera ni kwamba baba yangu, ndugu zake, mimi na mwanangu, kila mmoja alijikuna nyuma ya mlango wake, na ukimya ule tukauita heshima. Bibi alijua gharama ya kukimbia, akakimbia kwa ajili yangu. Nitamwombea dua kwa hilo maadamu ningali hai. Lakini laiti pale uwanjani asingeifunika mikono yake.