Binti wa Chumba cha Pili

Kila asubuhi binti wa chumba cha pili, anayesomea udaktari, hufua huku akitaja mifupa ya mkono, akiigusa mmoja mmoja kwenye kiganja chake chenye povu. Akisahau mmoja, huanza upya. Mtihani wa mifupa alishaufeli, na akiufeli tena chuo kinamrudisha kwao. Siku ya marudio, jirani yake fundi cherehani alimtania: "Daktari, hiyo mifupa hujaimaliza tu?"

"Yenyewe ndiyo inanimaliza, kaka." Akacheka, kisha akainamia mfereji akatapika chai yote.

Fundi akashtuka. "Mdogo wangu, si upumzike leo?"

"Nitapumzika nikishajibu." Akasukutua, akaanua koti lake jeupe likiwa bado bichi, akalivaa. Fundi akamfungulia geti.