Jiko Lililowasha Mlima

Harufu ya mkaa unaoanza kushika moto naikimbia mpaka leo. Nilipokuwa mdogo hapa Gisenyi, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu. Nyogokuru, yaani bibi mzaa mama, alikoleza jiko uani kila jioni, na kabla maharage hayajachemka, kilele cha Nyiragongo, mlima wa volkano, kilikuwa kimeanza kuwa chekundu upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Akili yangu ikajumlisha: moto wetu ndio uliowasha mlima. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi, nikawaringia watoto wa jirani kana kwamba mlima ni mbuzi wetu.

Mama alikuwa akivuka mpaka wa Kongo kila alfajiri kuuza viazi vya Mudende huko Goma, na kurudi jioni. Kisha siku moja ardhi ilitikisika, mlima ukapasuka, na watu wa Goma wakafurika mtaani kwetu na magodoro kichwani. Mama hakuwamo. Wakubwa walisema ni moto wa mlima uliomzuia njiani. Basi nilijua la kufanya. Nyogokuru alipowasha jiko, nilibeba ndoo nikalimwagia maji yote.

"We mutoto! Sasa tutakula nini?" alifoka.

"Niko nazima mulima, mama arudie."

Hakunipiga. Aliketi chini, kwenye majivu yaliyolowa, akaniambia, "Mama yako atarudia kesho." Jioni hiyo ukungu ulishuka, mlima haukuonekana kabisa. Nilifurahi mno: nimeuzima.

Kesho ilikuja, mama hakuja. Usilolijua ni usiku wa giza, nami katika giza langu nilipata sababu nyingine: mama alikuwa njiani, akitembea kwa mwanga wa mlima, nikamzimia taa. Sikumwambia mtu. Majirani walinipapasa kichwa wakisema subira yavuta heri; heri yenyewe naisubiri hadi leo, maana hata mwili hatukuupata.

Sasa nina binti wa umri ule. Juzi aliniuliza bibi yake alienda wapi. Nilimweleza yote kwa utaratibu: mawe yanayoyeyuka chini ya ardhi, barabara iliyokatika, kwamba hakuna mtu aliyesababisha. Nilijisikia nikisema kweli tupu, na bado niliogopa. Alisikiliza, akafikiri, kisha akauliza, "Na we, mama, siku ile ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa mutoto."

"Ee. Lakini ulikuwa unafanya nini?"