Chumvi Iliyokunywa Umande

Saa moja asubuhi, sokoni Kamukuywa, Fridah Nekoye anakaanga chumvi.

Hana mafuta wala kitunguu. Ni chumvi tupu kwenye sufuria nyeusi, anaikoroga kwa mwiko hadi inapasukapasuka. Mpita njia anamtania, "Leo mboga ni gani, mama?" Nekoye hacheki. Anaimimina chumvi kwenye kopo ingali moto na kulifunika upesi.

Nekoye, 41, hupima unyevu wa mahindi katika ghala la kikundi cha wakulima. Kifaa chake ni chupa ya soda. Hutia mahindi kiasi cha robo, huongeza chumvi, hutikisa, kisha huiacha chupa itulie.

"Chumvi ikirara chini, mahindi imekauka," asema. "Ikipanda ishike kwa chupa, rudi nayo nyumbani uanike."

Afisa wa kilimo ndiye aliyemfunza. Alimweleza kwamba chumvi haishibi maji, huyavuta hata kutoka hewani. Chembe za chumvi zinazorushwa na mawimbi ya bahari huelea angani zikinyonya mvuke, na matone ya ukungu huanzia kwa chembe kama hizo. Akamwonya: kaanga chumvi kwanza ikauke. Nekoye aliona huko ni kupoteza makaa bure.

Oktoba mwaka juzi, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, mkulima wa Endebess aitwaye Wangu alileta magunia kumi na moja. Chumvi ikaganda kwenye chupa. Nekoye akamrudisha na mzigo wake wote. Kesho yake Wangu akapimiwa Kitale kwa mashine, na mahindi yalikuwa makavu kabisa. Kilicholowa ni chumvi ya Nekoye, iliyolala kwenye kopo bila kifuniko.

Soko lilimcheka hadi likachoka. "Chumvi ya Nekoye imekunywa umande" ukawa msemo wa mtaa.

Wiki iliyofuata mumewe, Sifuna, alivuna shamba lao. Jua lilitoka siku mbili tu. Nekoye akapima, chumvi ikapanda.

"Mama Emmy, si ni ire chumvi yako imekunywa umande tena?" Sifuna akamwambia. "Tuweke tu kwa gunia, mvua inakuja."

Nekoye anakaza kifuniko cha kopo. Sehemu hii bado inamchoma.

"Hiyo siku nilifungua pakiti mpya mbele yake. Nilijua mahindi ni mbichi. Lakini kicheko ya watu ilikuwa bado kwa masikio yangu. Nikaona haya kubishana."

Wakafunga magunia matano. Kufikia Januari yalikuwa yameota kuvu la kijani. Waliyaosha, wakayaanika, wakayasaga, wakala. Kumwaga chakula wakati jikoni hamna kingine si jambo jepesi. Binti yao Emmy, wa miaka sita, akaanza kutapika. Macho yakawa manjano, tumbo likavimba. Siku ya nne katika hospitali mjini Kitale, akafariki. Daktari aliitaja sumukuvu, sumu iletwayo na kuvu la nafaka.

Wahenga husema majuto ni mjukuu. Kwa Nekoye yalikuja yakamchukua mtoto.

Hajaacha kuitwa Mama Emmy. Hakuna mwingine wa kumpa jina.

Asubuhi hii foleni ni ya watu tisa. Wa nne ni Sifuna mwenyewe, gunia moja kwenye baiskeli. Angeweza kupimiwa nyumbani, lakini tangu mazishi hupanga foleni kama wengine. Nekoye anatikisa chupa na kuiweka mezani. Wanangoja, mke na mume, bila kutazamana.

Chumvi imepanda.

"Imekataa?" Sifuna anauliza.

"Imekataa, Baba Emmy."

Nyuma yake mtu anaanza, "Ama imekunywa uma..." Halafu anamkumbuka aliye mbele yake, na neno linamfia mdomoni. Sifuna analirudisha gunia kwenye baiskeli. "Naenda kuanika," asema, ingawa mawingu yameshaufunika mlima.

Nekoye ameokota chupa sitini na mbili kwenye hoteli za soko. Kabla ya mavuno yajayo anataka kila nyumba jirani iwe na chupa yake na kopo la chumvi iliyokaangwa, na atazunguka kufunza mwenyewe.

"Watanicheka, bana. Wacha wacheke," asema, akikung'uta chupa tayari kwa mtu wa tano. "Mimi nilikimbia kicheko, ona nilikofika."