Katani Inachelewa Kukua

Mume wangu alipopunguzwa kazi alirudi nyumbani na ovaroli aliyokuwa ameivaa na mfuko wake wa chakula. Chakula hakukila. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinauzwa, wakawaambia wanunuzi hawahitaji watu wote wale. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akaangalia kile kipande chetu cha bondeni hapa Mkolani, ambako nilikuwa nalima mchicha wa kula wenyewe tu. Kesho yake akachukua jembe. Tangu hapo bustani ndiyo ikawa mshahara. Yeye analima na kumwagilia, mimi alfajiri najitwika beseni la kabichi na nyanya kwenda soko la Mirongo, jioni naenda darasani. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni pale shule ya msingi, maana utotoni niliachishwa nikalee wadogo zangu.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Madukani sabuni za kila rangi, mitumba milima kwa milima, na sangara wa ziwa letu wanapanda ndege. Sisi tulinunua mapanki, ile mifupa inayobaki viwanda vikishachukua minofu, tunakaanga, tunanyonya. Na watu waliokosa kazi walijaa mitaani, na wengine wakaanza kupanda nyua za watu.

Ua wetu ulikuwa wa minyaa. Kwa mbali unaona ukuta, ukiusogelea ni vijiti. Mtu anatupa gunia juu ili maziwa ya minyaa yasimwingie machoni, anapanda, anashukia kwenye kabichi. Tulikuwa tunakuta vichwa vikubwa vimekatwa, vimebaki vishina vinatoka maji.

Kabichi iliniuma, sikatai. Lakini kilichoninyima usingizi ni mwano. Kwetu huku mwizi akionekana mtu anapiga mwano, ule ukelele mrefu wa hatari, na kila mwanaume anayeusikia lazima atoke na fimbo au upinde, la sivyo sungusungu, wale walinzi wa mtaa, watamtoza faini. Mwano ukishapigwa hauitwi ukarudi. Nilishawahi kumkuta mtu aliyepigiwa mwano, kando ya barabara, nikitoka sokoni. Alikuwa na kiatu mguu mmoja. Pembeni yake kulikuwa na boga, na lile boga halikuwa na hata mchubuko.

Kwa hiyo kwenye rozari yangu niliongeza ombi moja: Mungu, asife mtu kwenye bustani hii.

Mume wangu hakuwa na ombi hilo. Alikuwa na waya wa umeme.

"Nautoa kwenye mita," aliniambia, "naupitisha katikati ya minyaa. Hauonekani. Akishika, atajua mwenyewe."

"Utaua mtu, baba watoto."

"Nimemwita mimi? Si anajileta?"

"Na mtoto wetu akifuata mpira?"

"Mchana nitazima."

"Na ukisahau?"

"Miaka yote nimeendesha mashine, sijawahi kusahau swichi."

"Na hiyo mashine iko wapi sasa?"

Waya aliuning'iniza kwenye msumari jikoni, ukawa unaniangalia kila nikipika.

Niliona tukibishana tu hatufiki. Nikavaa kitenge changu cha Misa, nikaenda mahakama ya mwanzo. Zamani nisingethubutu kugonga ule mlango, lakini mtu ukishaweza kusoma kibao cha mlangoni, mlango haukutishi sana. Nikamkuta karani, mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unashitaki au umeshitakiwa?"

"Hakuna. Nataka kujua nimzuieje mtu asipande ua wangu, na mimi nisivunje sheria."

Akavua miwani kunitazama vizuri. "Leo nimepata mgeni. Wenzio huja hapa wakiwa wameshavunja."

Nikamweleza habari za waya. Akatikisa kichwa hata kabla sijamaliza.

"Mwambie mzee aukunje. Sikiliza mwanangu. Kuzuia ruksa, kutega hapana. Weka ua mrefu, panda miiba, lakini ionekane, na iwe ndani ya mpaka wako isije ikachoma mpita njia. Andika kibao. Anayeona mwiba akaupanda, kajichoma. Ukiuficha, umemchoma wewe. Na akiingia, mkamateni mmpeleke kituoni. Mali ni yako, mlalamikaji ni wewe. Si mtaa."

Yale maneno ya mwisho nilitembea nayo njia nzima.

Miiba niliijua. Kwa baba yangu kijijini mpaka wa shamba ni katani, ng'ombe mwenyewe akiiona anageuka. Nikaenda kung'oa miche, nikarudi na magunia, mikono imechanika. Tukaipanda ndani ya minyaa, mistari miwili. Kibao nilikiandika mwenyewe kwenye kipande cha bati, herufi kubwa kama tulivyofundishwa: SHAMBA LA MTU. USIPANDE UA. KUNA MIIBA.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa kamanda wa sungusungu. Alisimama kwenye mwamba wake, pale alipokuwa anaanika muhogo, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Jirani! Umemwandikia mwizi barua? Na akijibu utatusomea?"

"Nitakusomea, shemeji."

"Mwizi haandikiwi. Mwizi anapigiwa mwano."

Mume wangu hakucheka wala hakunitetea. Alitazama ile miche, midogo kama vidole vya mtoto mchanga, akaniambia, "Nakungoja mpaka ikue." Waya ukabaki msumarini.

Katani inachelewa kukua. Unaimwagilia, unaipalilia, ukirudi iko vilevile. Wezi nao hawakungoja.

Jumapili moja mume wangu na watoto walikwenda Misa, mimi nikabaki na mtoto wetu mdogo aliyekuwa na homa. Nikasikia minyaa inavunjika. Nikatoka. Mwanaume ameshaingia, kabichi mbili kwapani, anatafuta pa kutokea. Alipogeuka nikamfahamu. Alikuwa mpakiaji kule kiwandani, wamepunguzwa pamoja na mume wangu. Alishakula ugali kwangu.

"Shemeji," akasema. "Shemeji, nisamehe."

Kabla sijafungua mdomo mwano ukapigwa, kutoka kule kwenye mwamba. Ukapokelewa chini, ukapokelewa ng'ambo ya barabara. Akataka kukimbia, nikamshika shati.

"Kaa chini. Ukikimbia watakuua."

"Na nikikaa?"

"Kaa chini!"

Akakaa kwenye udongo, kabichi mapajani. Nikasimama mbele yake. Wakaja wengi, wengine na nguo za kanisani, fimbo mkononi. Kamanda mbele.

"Mama, toka hapo."

"Bustani ni yangu. Mlalamikaji ni mimi. Nampeleka kituoni."

"Kituoni atalala, kesho atoke. Toka, jirani, usitutie dhambini."

"Mkimgusa ndiyo mtaingia dhambini."

Watu wakaguna. Kamanda akanisogelea, akasema taratibu, kama mtu anayekupa mlango: "Hizo kabichi umempa wewe? Sema umempa, tuondoke."

Neno moja tu. Mkononi nilikuwa na rozari, maana nilikuwa nasali nyumbani kwa kukosa Misa. Nikajaribu kusema ndiyo, haikutoka.

"Sikumpa. Ameiba." Zikainuka fimbo. Nikapaza sauti, "Lakini sasa nampa! Ni zangu, nimempa! Mmesikia wote!"

"Unatuchezea, mama."

Fimbo ya kwanza ilipita juu ya bega langu ikamkuta yeye begani. Nilisikia mfupa. Ya pili ikanikuta mkono. Hapo ndipo mume wangu alipofika mbio na suruali yake ya Jumapili imejaa tope. Alinitazama, akamtazama yule mtu chini, akamjua. Akaja akasimama ubavuni kwangu, tukamweka katikati. Pengine waliona aibu kumpiga mwanaume aliyetoka Misa. Tukatoka hivyo hivyo mpaka kituo cha polisi, mimi nikiwa nimeshika mkono mzima wa yule mtu, watu nyuma wakitutukana. Kabichi zilibaki udongoni, zimekanyagwa.

Jioni ile mume wangu aliutoa waya msumarini, akaukunja, akautupa chooni. Hatukuuzungumzia tena.

Sungusungu walikaa kikao, wakatutenga. Mtu aliyemkinga mwizi kwetu anatengwa. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto wala chumvi, na akifiwa hakuna kumzikia. Nilikuwa nafika bombani, wenzangu wanatwika ndoo zenye nusu ya maji wanaondoka. Watoto wangu walikuwa wanacheza wawili wawili wenyewe, kimyakimya. Nikakaza roho. Nilijiambia watu watachoka.

Halafu mama mkwe, tuliyekuwa tunamuuguza, akafariki kwetu. Mkolani ni mawe. Kaburi huku linahitaji wanaume wengi wa kupokezana sururu. Mume wangu alichimba na mdogo wake aliyetoka Kiseke na wanaume wachache wa jumuiya ya kanisani wasio wa mtaa wetu, kuanzia asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, sururu ikigonga mwamba, na kila ilipogonga kamanda aliisikia pale alipokaa. Hakuinuka. Mkewe, ambaye nilimshika mkono alipojifungua, alifunga dirisha. Padri alikuja, akasali, akatutazama tulivyokuwa wachache, akasali tena. Mume wangu viganja vilikuwa damu tupu. Usiku akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ungesema umempa, ingekuwaje?"

"Ningekuwa nimedanganya."

"Mama yangu angezikwa na watu."

Nikavuta taa karibu, nikamfunga viganja kwa kitambaa.

Masika yakapita, yakaja mengine. Katani ikafika kiunoni, miiba yake myeusi ikatazama nje. Kibao kikashika kutu lakini kinasomeka. Kwangu hakupanda mtu tena. Yule shemeji wa kiwandani alikuwa ameshatoka kituoni siku nyingi. Nilikuwa namwona kwenye lundo la mapanki, bega limeinama upande mmoja. Alikuwa ananisalimia kwa mbali, bila kusogea. Nilidhani ombi langu limesikilizwa.

Siku moja nilikuwa narudi kutoka Mirongo, beseni tupu kichwani. Nikasikia mwano. Nikatupa beseni, nikakimbia, kitenge kikifunguka, nikijua ua wangu hauwezi kupandwa, kwa hiyo ni wa mwingine. Ilikuwa kwa kamanda. Ua wa minyaa kama wetu ulivyokuwa. Nilipofika walishamaliza, wamesimama pembeni, hawatazamani. Nilimjua kwa bega. Kando yake mchicha, mashada mawili, bado umefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba.

Nilifungua khanga yangu ya juu nikamfunika. Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyenisaidia.

Baada ya hapo kwa kamanda kulikuwa kimya. Mwamba hauna muhogo. Mboga za upande ule zikaota mpaka zikatoa mbegu, hakuna aliyezichuma. Asubuhi moja nikasikia hodi. Ni mkewe, amesimama nje ya katani, mtoto mgongoni. Tangu tutengwe hakuwa ameniita.

"Karibu," nikasema.

"Sikai. Nimekuja kuomba miche."

"Ya nini?"

"Ya hii." Akaionyesha kwa kidevu. "Watoto hawataki kwenda upande ule. Hata mimi siwezi. Nikiinama nachuma, naona..."

"Mume wako anajua umekuja?"

"Ndiye kanituma. Kuja mwenyewe anaona haya."

Nikachukua jembe. Katani ikishakua huzaa vitoto shinani, nilikuwa navyo vingi. Nikawa nang'oa, namrushia juu ya mstari, yeye anaokota. Kila mche nikimweleza: ipande ndani ya mpaka, isiguse njia. Usiifunike na majani, ionekane. Andika kibao.

"Nani atasoma?"

"Wewe andika. Hujui, njoo nikuandikie."

Akafunga miche ndani ya gunia. Mwiba ukamchoma, akanyonya kidole, machozi yakamtoka, na mwiba ule haukuwa mkubwa hivyo.

"Dada," nikamwambia, "inachelewa kukua. Ikiwa bado midogo, ukimwona mtu juu ya ua, msipige mwano. Njoo uniite mimi."

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akabeba gunia kwa mikono miwili, mbali na mwili, akapanda nalo kwao.