Aliyeshusha Mguu Hakai

Kwa Don Evelio Piraquive, nusu ya waendesha baiskeli wa Bogotá hawakustahili hata kengele. Kila Jumapili asubuhi, juu ya baiskeli ya chuma aliyoinunua enzi zile anapiga plasta majumba ya matajiri, aliwatazama wakimpita na kaptura zao za kubana na miwani ya rangi, akasonya. Wengine walifuatwa na gari la kuwabebea ndizi. Ndizi! Mtu mzima anashindwa kubeba ndizi yake, eti mwanamichezo.

Yeye kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameupanda mlima wa Patios, tangu taa za barabarani kule chini hadi juu kabisa, bila mguu wake kugusa lami. Hiyo ndiyo sifa yake, hana nyingine. Na kule juu, kwenye kibanda cha maji moto ya sukari guru, alikuwa amejitungia sheria, watu wakaizoea: aliyeshusha mguu njiani, au aliyesukumwa, hakai kwenye benchi. Anakunywa amesimama nje, baridi impige.

Basi jirani yake Doña Ofelia, mjane, fundi cherehani wa miaka sitini na mitatu, akanunua baiskeli ya betri. Jumapili ya kwanza tu alimpita Evelio kwenye kona ya tatu huku akimuulizia hali ya mkewe, wala hahemi. Walipofika juu akataka kuketi. Evelio akamwambia mbele ya watu, "Mama, iliyopanda ni betri. Ikitaka kukaa yenyewe, tutaipisha." Benchi zima likacheka. Tangu siku hiyo Ofelia alinywea nje, miezi minne, hata siku za mvua.

Jumapili iliyopita miguu ilimwisha Evelio. Imebaki kona moja tu afike kibandani, na baiskeli inayumba kama imelewa. Kifua kinawaka moto. Hewa ya huko juu si ya kuchezea, hata kwa mwenyeji. Alikuwa ameshaanza kushusha kisigino, machozi yakimlengalenga, alipohisi kiganja mgongoni.

"Kanyaga, Don Evelio," Ofelia alisema. "Usigeuke. Kanyaga tu."

Akakanyaga. Mkono ule, pamoja na betri ile aliyoitukana miezi minne, vilimsukuma hadi karibu na kona. Kabla watu wa benchi hawajawaona, mkono ukaondoka.

Wenzake walimuuliza kwa nini amechelewa. Hajafungua mdomo, Ofelia akajibu kutoka nje, kikombe mkononi: "Amepanda mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake, nimemwona."

Wakampisha, akakaa mahali pake pa siku zote. Mmoja wao, mkate wa jibini umemjaa mdomoni, akamgeukia Ofelia. "Na betri je, mama, haijachoka? Inyweshe nayo kidogo."

Wakaangua kicheko. Ofelia alimtazama Evelio, akamtazama tu. Evelio akainamia kikombe chake, akapuliza mvuke. Angeweza kusimama akatoka. Nje ni hatua tatu.

Halafu, mzee mzima na mvi zake, akacheka pamoja na wenzake.