Moli Moja ya Maji

Mwalimu wetu wa kemia hafundishi moli, anaihubiri. Hujifuta chaki kwenye suruali ileile ya kijivu, kisha hutanua mikono kama mtu anayekumbatia tangi, na sauti yake humfikia hata mwalimu wa darasa la jirani. "Moli moja, wanangu! Idadi ya chembe: sita, ikifuatwa na tarakimu ishirini na tatu! Gawanya gramu kwa uzito wa moli, basi!" Hiyo "basi" huigongea ubao kwa kifundo cha kidole. Nasi tunagawanya. Tumegawanya chumvi, sukari na chokaa bila kuona hata punje, maana mizani ya shule imelala kabatini, bado imevaa nailoni ya dukani, na ufunguo anauning'iniza shingoni.

Jana binti wa dawati la mbele aliuliza, "Samahani mwalimu, moli moja ya maji inajaa ndoo?"

"Ndoo? Pipa, binti yangu, na bado!"

"Lakini ubaoni umeandika gramu kumi na nane."

Ufunguo ukatoka shingoni. Akaweka kikombe chake kitupu cha chai juu ya mizani, akaifanya isome sifuri, akamimina maji kidogokidogo mpaka kumi na nane. Tulisimama kuchungulia: yalifunika kitako cha kikombe tu. Mwalimu akakiinua kikombe, akayatazama.

"Kumbe ndiyo hii," alinong'ona.

Akainywa moli nzima kwa funda moja, akafuta mdomo, akageukia ubao.

"Andikeni: moli ni kitu kikubwa sana."